Sura ya Tano: Metali Iliyosimamishwa Njiani

Katika soko la samaki la Feri, pale Magogoni ambapo pantoni za Kigamboni hupakia na kushusha, hakuna chombo kinachofanya kazi nyingi kuliko kisu. Anayepara samaki humshika changu mkiani, akakwangua magamba kuelekea kichwani, akapasua tumbo, akatoa utumbo, akakata vipande na kumvuta mwingine. Tangu alfajiri kisu hicho kinagonga mfupa, kinagonga ubao, kinalowa maji ya chumvi, na bado kinatakiwa kiwe na makali. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huvifua visu vya namna hii kutokana na springi za magari mabovu. Chuma hupashwa joto kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu kama chungwa, kikafuliwa, kikapashwa tena, kisha kikatumbukizwa kwenye oili chafu. Sekunde zile chache ndani ya oili ndizo zinazokifanya kuwa kisu. Na kilichozaliwa ndani ya sekunde hizo ni kitu ambacho kanuni za utulivu wa maumbile hazikukipangia nafasi yoyote.

Chuma cha springi huwa na kaboni kiasi cha nusu ya asilimia au zaidi kidogo. Kikifika sentigredi 850 hivi, atomu zake za chuma hujipanga kwa namna inayoziachia atomu ndogo za kaboni nafasi ya kukaa katikati yao. Ukikiacha chuma hicho kipoe taratibu kwenye majivu, kaboni hupata muda wa kuhama: chuma hubadili mpangilio wake, na kaboni hujikusanya pembeni katika vipande vyembamba vya kaboni na chuma viitwavyo simentaiti. Unapata chuma laini, kinachopindika, kisichofaa kukata kitu. Ukikitumbukiza kwenye oili, chuma hubadili mpangilio kabla kaboni haijaondoka. Kaboni hunaswa ilipo, ikaupanua na kuupotosha mpangilio wote, na hapo hutokea umbo gumu mno liitwalo matensaiti. Fundi anayejua kazi hukipasha tena joto dogo, kama sentigredi 200, ili kipunguze wepesi wa kuvunjika. Chuma ni kilekile, kaboni ni ileile, uzito haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni njia ambayo chuma kimepitia.

Hoja ya sura hii inatoka hapo. Tumezoea kuamini kwamba metali ni mapishi, kwamba ukishajua kuna nini ndani yake na kwa kiasi gani, umeijua. Mimi nasema mapishi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni safari, na sehemu kubwa ya metali zinazotufaa ni zile zilizosimamishwa njiani, kabla ya kufika kwenye hali ambayo maumbile yangeichagua kama yangepewa muda wa kutosha. Wataalamu huziita awamu za metastebo: hali zenye nishati zaidi ya ile ya chini kabisa, ambazo hazishuki kwa sababu atomu zake zimekosa nguvu ya kuvuka kizuizi kilicho mbele yao. Zikikosa mpangilio wowote wa kurudiarudia, yaani zikikosa fuwele, huitwa amofasi. Abiria wa pantoni wakiingia polepole hujipanga kwenye viti. Wakiingia wote kwa kishindo, kila mmoja husimama pale alipobanwa, na hubaki hivyo mpaka ng'ambo, ingawa viti bado vipo. Atomu nazo, zikinyimwa muda wa kujipanga, hubaki zilipo.

Watu wa ukanda huu walizitumia hali hizi zamani sana, kabla hazijapewa majina. Wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri na kurudia kazi hiyo mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Tanuri lile lilitoa chuma chenye kaboni. Ulipo mchanganyiko wa chuma na kaboni, ipo pia ile simentaiti niliyoitaja, nayo si hali ya mwisho: hali tulivu kabisa ya chuma na kaboni katika joto tulilomo ni chuma pembeni na grafiti pembeni. Hata hivyo simentaiti ingali imo ndani ya vyuma vya kale vilivyochimbuliwa sehemu nyingi za dunia, haijaharakisha kwenda popote. Kwa hiyo hata chuma laini kilichopoa kwenye majivu, kile nilichosema kimepata muda, bado hakijafika mwisho wa safari yake.

Kwa karne nyingi njia kuu ya kuinasa metali kabla haijafika ilikuwa joto kali, kisha baridi ya ghafla. Mwaka 1960, katika chuo cha Caltech nchini Marekani, Pol Duwez na wenzake waliisukuma njia hiyo hadi ukomo wake. Waliyeyusha mchanganyiko wa dhahabu na silikoni, wakarusha tone lake kwenye uso wa metali baridi kwa kasi iliyolipoza mamilioni ya nyuzi kwa sekunde. Walipolipima kwa eksirei hawakuona fuwele. Walikuwa wamepata kioo cha metali, metali iliyoganda ikiwa na vurugu ya umajimaji ndani yake. Kioo kile kilikuwa dhaifu, na baada ya muda mfupi kilianza kubadilika chenyewe katika joto la chumba. Lakini jambo lilikuwa limethibitika: fuwele si hatima ya lazima ya kila metali. Fuwele ni matokeo ya muda, na muda unaweza kunyimwa.

Wengi walihitimisha kwamba kasi ya kupoa ndiyo siri yenyewe. Hitimisho hilo lilivunjwa na chombo cha kawaida kabisa, pipa la chuma lenye gololi. Mwaka 1966, katika kampuni ya INCO nchini Marekani, John Benjamin alikuwa akitafuta aloi ya nikeli itakayovumilia moto wa injini za ndege. Alitaka kuingiza chembe ndogo sana za oksidi ndani ya nikeli na kuzisambaza sawasawa, jambo lisilowezekana kwa kuyeyusha, maana oksidi huelea juu ya metali iliyoyeyuka au hukusanyika mafungu. Akachukua unga wa metali na unga wa oksidi, akautia kwenye pipa pamoja na gololi za chuma, akausaga kwa saa nyingi. Unga uliotoka ulikuwa aloi. Hakuna kilichoyeyushwa. Mbinu hii ndiyo inayoitwa kuunda aloi kwa mitambo, na kwa mtu aliyewahi kusimama karibu na makarasha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita, pipa linalozunguka na ngurumo ya gololi si kitu kigeni.

Tulitazame pigo moja kwa karibu. Gololi mbili zinakutana, na katikati yao kunabanwa unga wenye uzito wa sehemu ndogo ya miligramu, punje kama elfu moja. Punje laini zinabapa kama chapati, na ngozi ya oksidi iliyozifunika inapasuka. Metali tupu inagusana na metali tupu, na zinashikana bila moto. Pigo linalofuata linazikunja, jingine linazivunja, jingine linazishikanisha upya. Baada ya saa chache, ukikata punje moja na kuitazama kwa hadubini, unaona matabaka ya metali mbili yamelaliana, na kila saa inayopita matabaka hayo yanazidi kuwa membamba. Ndani yake fuwele nazo zinavunjikavunjika hadi upana wake kuwa nanomita 10 au 20, kipimo ambacho atomu arobaini hadi themanini hivi zikipangwa mstari zinakijaza. Kufikia hapo, sehemu kubwa ya metali ni mipaka na mikunjo, na kila mpaka una nishati iliyowekwa akiba. Katika baadhi ya metali, nishati inayohifadhiwa hivi hufika theluthi nzima ya ile inayohitajika kuiyeyusha.

Sasa ushahidi mkuu. Mwaka 1981, mtafiti wa Kisovieti Yermakov na wenzake walisaga misombo ya yitriamu na kobalti iliyokuwa na fuwele kamili. Fuwele zilitoweka, ukabaki unga wa amofasi. Mwaka 1983, Carl Koch na wenzake katika maabara ya Oak Ridge walianza upande mwingine kabisa: walichukua unga wa nikeli tupu na unga wa naiobiamu tupu, sehemu 60 kwa 40, wakausaga pamoja, nao wakafika kwenye amofasi. Mwaka huohuo wa 1983, watafiti Schwarz na Johnson walipaka matabaka membamba ya dhahabu na lanthanamu, wakayapasha joto dogo lisilofikia hata la maji yanayochemka, na matabaka hayo yakachanganyika yenyewe kuwa kioo. Njia tatu, hakuna hata moja iliyopita kwenye umajimaji, na zote ziliishia mahali pamoja. Kama kioo cha metali kingekuwa mtoto wa baridi ya ghafla peke yake, majaribio haya matatu yasingetoa kitu.

Kwa nini atomu zichague vurugu na kuuacha mpangilio? Nikeli na naiobiamu, kama dhahabu na lanthanamu, hupendana: zikichanganyika hutoa nishati. Kwa hiyo kuchanganyika kwa namna yoyote kunazishusha. Hali ya chini kuliko zote ni msombo wenye fuwele, lakini ili ujengeke, atomu za aina zote mbili zinapaswa kusogea na kila moja kukaa mahali pake. Kwenye joto dogo, aina moja husogea kwa urahisi na nyingine karibu haisogei. Amofasi haihitaji zaidi ya hapo: atomu nyepesi kusogea hupenya katikati ya zile zilizosimama, na mchanganyiko umepatikana. Maumbile hayakuvunja sheria yoyote. Yalishuka kwenda kwenye hali ya karibu iliyofikika, yakaiacha ya chini zaidi ambayo njia yake ilikuwa imefungwa. Na pale ambapo msombo wenye fuwele ulikuwapo tangu mwanzo, kama ule wa yitriamu na kobalti, gololi ziliujaza mikunjo na mipaka mpaka nishati yake ikapanda juu ya ile ya kioo, na kioo kikawa ndio mteremko.

Ipo mifano migumu zaidi. Shaba na fedha haziko tayari kuchanganyika zikiwa baridi, na chuma na shaba hukataana hata zaidi. Hata hivyo zikisagwa pamoja kwa muda wa kutosha huwa aloi moja, atomu kwa atomu. Hapa hakuna mapenzi ya kuzivuta. Ni mapigo yenyewe yanayozilazimisha, kwa kuzisukuma pamoja haraka kuliko zinavyoweza kuachana. Pipa likisimama, aloi haitengani, kwa kuwa katika joto la chumba atomu hazina nguvu ya kurudi zilikotoka. Ukiipasha joto, zinatengana.

Msomaji makini ataweka pingamizi. La kwanza ni la joto: huenda kila pigo linayeyusha unga kwa nukta ya sekunde, kisha gololi baridi zinaupoza ghafla, na yote haya ni kazi ya Duwez iliyovaa nguo nyingine. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa pale gololi zinapogongana joto hupanda kweli. Lakini naiobiamu huyeyuka kwenye sentigredi 2,477, na vipimo na makadirio ya joto la unga ndani ya mitambo hii huishia kwenye mamia machache ya nyuzi. Isitoshe, kama kuyeyuka ndiko kungekuwa chanzo, kusaga kwa baridi kungeharibu kazi. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume: mtambo ukipozwa amofasi huja kwa urahisi zaidi, na ukiachwa upate joto jingi fuwele hurudi. Tena, kusaga hutoa amofasi katika viwango vya mchanganyiko ambavyo kupoza umajimaji hakuvifikii. Njia mbili zenye matokeo tofauti haziwezi kuwa njia moja.

Pingamizi la pili ni la uchafu, na hili sina budi kulikubali kwa sehemu. Gololi za chuma zikigongana kwa saa 50 zinalika, na chuma kilicholika kinaingia kwenye unga. Hewa nayo huingia, na metali kama zirkoniamu na titaniamu hunywa oksijeni na nitrojeni kwa pupa. Yako matokeo yaliyotangazwa kuwa awamu mpya, kumbe yalikuwa oksidi au naitraidi. Ndiyo maana watafiti waangalifu husaga ndani ya gesi ya agoni, hupima chuma kilichoingia, na huchagua gololi za metali inayofanana na unga wao. Lakini uchafu hauwezi kueleza kila kitu. Matabaka ya Schwarz na Johnson hayakugusana na gololi yoyote. Karatasi nyembamba za nikeli na zirkoniamu zilizolaliana na kupitishwa mara nyingi kati ya magurudumu ya kubapia nazo ziligeuka amofasi. Uchafu unaweza kuisaidia au kuiharibu kazi, lakini msingi wa jambo haukujengwa juu yake.

Pingamizi la tatu ni la wapimaji. Eksirei ikipita kwenye fuwele hutoa mistari mikali; ikipita kwenye amofasi hutoa kilima kimoja kipana. Lakini fuwele ndogo mno nazo hutoa kilima kinachofanana na hicho. Tunajuaje kwamba hatudanganyiki? Tunaupasha unga joto polepole na kupima nishati inayotoka. Fuwele ndogo zilizopo tayari hukua kidogo kidogo, na joto lake hutoka kidogo kidogo. Kioo halisi hukaa kimya mpaka joto fulani, kisha fuwele huzaliwa ndani yake kwa wingi na joto hutoka kwa mkupuo mmoja. Vipimo viwili vikikubaliana, na hadubini ya elektroni ikaongeza ushahidi wake, shaka inabaki ndogo. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi, na anayetangaza amofasi kwa eksirei tu anastahili kuulizwa.

Pingamizi la nne ndilo analoweza kulitoa mtu yeyote wa Kariakoo anayehesabu fedha yake kabla ya kununua: kitu ambacho hakijatulia kitanidumia muda gani? Jibu ni kwamba kudumu hakutegemei kitu kiko juu kiasi gani, bali kizuizi kilicho mbele yake kina urefu gani na joto linalokizunguka ni kiasi gani. Kioo cha Duwez kilibadilika haraka. Simentaiti imekaa kwa karne. Utepe wa amofasi wenye chuma, silikoni na boroni, unene wake kama sehemu 25 za elfu ya milimita, haugeuki fuwele mpaka upashwe joto la karibu sentigredi 500, na ndiyo maana tangu miaka ya 1980 umekuwa ukitumika kwenye viini vya transfoma za umeme. Kwa kukosa fuwele, usumaku wake hugeuka kwa wepesi, na umeme unaopotea bure wakati transfoma imewashwa bila mzigo hupungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na chuma cha kawaida cha transfoma. Utepe huo hutengenezwa kwa kupoza umajimaji, si kwa kusaga, lakini unatoa jibu lilelile: hali isiyo ya mwisho inaweza kubeba kazi ya usiku na mchana kwa miaka mingi.

Mpaka wa hali hizi nao ni wa kweli na lazima utajwe. Unga wa amofasi uliotoka kwenye pipa bado si kifaa. Lazima ugandamizwe uwe kitu kizima, na kugandamiza huhitaji joto, na joto ndilo linaloiua amofasi. Hapo ndipo kazi kubwa ya uhandisi ilipo leo: kushika kiwango cha joto kinachotosha kulainisha na kisichotosha kuzaa fuwele. Mpaka huohuo uko kwenye kisu cha Feri. Kisu kikinolewa kwa grinda bila maji, ncha yake hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha buluu. Buluu hiyo ni alama kwamba joto limefika karibu sentigredi 300, kaboni iliyonaswa imezidi kuondoka ilikonaswa, na makali yale hayatakaa tena kama awali. Chuma hakikupungua kitu ila kile alichokilipia mnunuzi: hali ambayo fundi aliinasa kwenye oili.

Kwa hiyo mchoro wa awamu tulivu unaofundishwa vyuoni, wenye mistari ya joto na asilimia, ni ramani ya mahali metali ingependa kufika. Unahitajika, lakini mwanafunzi anayeishia hapo hajui bado kwa nini kisu kinakata wala kwa nini unga wa metali mbili zinazokataana unaweza kuwa kitu kimoja. Afundishwe muda, afundishwe kizuizi, afundishwe njia. Pipa, gololi na mota si vifaa vya nchi za mbali. Vinazunguka kwenye migodi yetu kila siku vikisaga mawe. Kinachokosekana ni gesi safi, vyombo vya kupimia na watu waliofundishwa kuuliza maswali niliyoyaorodhesha hapa, na vyote hivyo vinapatikana kwa fedha na uamuzi. Wakati huo ukisubiriwa, fundi wa grinda achovye kisu kwenye maji kila baada ya miguso michache, na mnunuzi wa chuma asiridhike kuuliza kimetengenezwa kwa nini. Aulize pia kimepitishwa wapi.